Kutafuta Historia ya Ukoo katika Nyaraka: Maandalizi kwa Wakazi wa Kanda ya Ziwa

Wengi wanaofika katika vyumba vya kusomea nyaraka hapa Mwanza wakitafuta asili ya ukoo wao huja na jina la babu peke yake, wakiamini kuwa limeorodheshwa mahali fulani na mtunza kumbukumbu atalitoa mara moja. Nyaraka za serikali hazikupangwa hivyo. Zimehifadhiwa kwa kufuata ofisi iliyoziandika, iwe boma, wilaya au mahakama, kwa hiyo kinachokufikisha kwenye jalada ni mahali na kipindi. Tena, kwa Wasukuma jina la ukoo lisilobadilika ni jambo la karibuni; mtoto alipewa jina lake na kuitwa pia kwa jina la baba yake, hata babu na mjukuu wakakosa jina la pamoja. Kina Kulwa na Doto nao wamejaa kila kijiji, ingawa ukimkuta Shija katika daftari una sababu ya kuwatafuta pacha waliomtangulia.

Kazi ya kwanza, basi, hufanyika nyumbani. Waulize wazee babu aliishi chini ya mtemi (chifu) gani, mwanangwa wake, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, alikuwa nani, na bibi aliolewa kutoka wapi, maana upande wa kike ndio unaosahaulika haraka. Pasipokuwa na tarehe, tumia matukio: je, alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, au alikuwa kijana reli ilipofika Mwanza mwaka 1928?

Kwa familia za Kikatoliki, anzeni na parokia. Wamisionari wa Afrika (Mapadri Weupe) walifungua kituo cha Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na desturi yao ilikuwa kuandika kila ubatizo kwa Kilatini, pamoja na majina ya wazazi na msimamizi. Usiishie kwenye mstari wenyewe. Tazama pembeni, ambako mara nyingi ndoa iliyofungwa baadaye katika parokia nyingine iliongezwa, nawe ukapata pa kwenda. Vitabu hivi ni mali ya Kanisa na vina habari za watu binafsi, hivyo omba ruhusa ya paroko mapema.

Cheti cha kuzaliwa ni tegemeo dogo kwa vizazi vya zamani. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1921, lakini kwa miaka mingi haikuwalazimu Waafrika.

Kwa maoni yangu, hazina inayopuuzwa zaidi ni mashauri ya mahakama za watemi wakati wa Waingereza. Ugomvi wa mahari au wa urithi uliwalazimu watu kueleza mbele ya baraza nani ni mtoto wa nani, ng'ombe wangapi walitolewa, na mjomba yupi aliwapokea. Karani akayaandika hayo, mara nyingi kwa Kiswahili, bila kukusudia kuhifadhi historia ya mtu yeyote. Kesi moja ya ng'ombe waliodaiwa kurudishwa baada ya talaka inaweza kukupa vizazi vitatu vya koo mbili. Tawala za machifu zilifutwa mwaka 1963, kwa hiyo muulize mtunza kumbukumbu majalada ya eneo lako yalihamishiwa wapi.

Unaposoma, kuwa mpole na tahajia. Wajerumani waliandika Muansa, na makarani walibadilishana L na R walivyosikia. Jaribu kila namna ya kuliandika jina kabla ya kukata tamaa.

Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, na zipo zinazobaki zimefungwa kwa muda mrefu zaidi. Uliza masharti ya kibali kabla ya kusafiri kutoka Ukerewe au Sengerema. Njoo na kitambulisho na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na nyaraka, na omba idhini kabla ya kupiga picha kwa simu. Kila unaponakili, andika namba ya jalada na ya ukurasa, ili ndugu anayetilia shaka ulichokipata aweze kwenda kukisoma mwenyewe.