Mkate wa kumega wa tui na iliki: kanda usiku, oka alfajiri

Kila ninapoeleza mkate unaolazwa usiku kucha, swali la kwanza huwa la hamira: niongeze kiasi gani ili asubuhi uwe umeumuka vizuri? Jibu ni kwamba unapunguza. Hamira ni kiumbe hai, na ukiipa usiku mzima, kiasi kidogo kinatosha kuinua donge zima. Ukiijaza, itamaliza chakula chake kabla hujaamka, na utakuta unga umenywea, unanuka pombe, na mkate wake unatoka mgumu na mchachu.

Mkate wenyewe ni ule wa madonge madogo yaliyochovywa kwenye samli na kugaragazwa kwenye sukari, yakapangwa katika chombo kimoja na kuokwa pamoja, halafu mezani kila mtu anamega kwa mkono. Wahungari wana aranygaluska, wenye kokwa za jozi (walnuts) zilizosagwa. Yemen na nchi za Ghuba wana khaliat nahl, unaomiminiwa shira ukingali moto. Skonzi zetu, zile zinazoshikana ubavu kwa ubavu kwenye trei, ni ndugu wa karibu wa mikate hiyo. Mimi naupika kwa vitu vya pwani, na nasema bila kusita kwamba asubuhi ya Idd au Jumapili yenye wageni hakuna kitafunio kinachonipa raha kama huu, kwa sababu kazi yote imeshaisha jana yake.

Pima unga wa ngano mweupe gramu 500, karibu vikombe vinne. Tia hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa. Sukari nyeupe gramu 60, chumvi kijiko kimoja cha chai na robo, iliki punje kumi zilizomenywa na kutwangwa muda huo huo, yai moja, samli gramu 50 na tui jepesi la vuguvugu mililita 280. Usitie tui lote kwa mpigo. Anza na 250, kwa maana unga hautofautiani kwa jina la pakiti tu. Upo unaokunywa sana na upo unaolowa upesi. Chumvi usiipunguze ukidhani mkate mtamu hauihitaji. Inaleta ladha, lakini pia inaizuia hamira isiende mbio usiku. Sukari nayo ina kipimo chake: ikizidi sana ndani ya unga, huvuta maji upande wake na kuiacha hamira ikidhoofika. Ndiyo maana utamu mwingi wa mkate huu tunauweka nje ya donge, si ndani.

Kuhusu tui: kwenye unga tumia lile la mkamuo wa pili. Kasimile, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, ina mafuta mengi mno, na mafuta yakiwahi kuuzingira unga kabla haujanywa maji, donge halivutiki. Kwa sababu hiyo hiyo samli inaingia mwisho. Changanya vyote isipokuwa samli, funika, uache dakika ishirini, kisha ukande ukiongeza samli kidogo kidogo. Mwanzoni donge litateleza na kuchanika mikononi, na hapo ndipo wengi huongeza unga. Usiongeze. Endelea kukanda dakika nane hadi kumi. Samli itazama, na donge litarudi kuwa moja, laini, linalong'aa kidogo. Chukua kipande uvute polepole kwa vidole: kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga wa taa bila kuchanika mara moja, donge limeiva.

Liache liumuke saa moja, si lazima liongezeke mara mbili. Lipunguze pumzi, ukate madonge ya gramu 30 hivi, yaani ukubwa wa ndimu ndogo. Utapata kama thelathini na mbili.

Hapa ndipo mkate unapata tabia yake ya kumegeka. Yeyusha samli gramu 80, iache ipoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua, maana joto kali huua hamira ya juu ya donge. Paruza sukari guru gramu 120 uichanganye na mdalasini wa unga vijiko viwili vya chai. Kila donge lizame kwenye samli, lote, halafu lizungushwe kwenye sukari. Siagi hufaa, lakini ndani yake mna maji, na maji yale husaidia unga kushikana na unga; samli ni mafuta matupu, hivyo inaweka ukuta kati ya donge na jirani yake. Donge lililokosa samli upande mmoja utalitambua kesho: halimegeki, linachanika.

Panga kwenye sufuria isiyo na mikono au chombo cha keki chenye upana wa sentimita 24 hivi, kilichopakwa samli. Katikati simamisha kikombe cha bati kitupu, nacho kimepakwa samli kwa nje. Mkate mnene kama huu huiva pembeni ukabaki mbichi katikati, na kikombe kile hupeleka joto mahali ambapo lisingefika. Acha nafasi ndogo ndogo kati ya madonge. Funika vizuri, weka ndani ya friji. Muda wa saa nane hadi kumi na mbili ni sawa kabisa.

Baridi haiiui hamira, inaipunguza mwendo. Wakati huo unga unaendelea kunywa maji yake taratibu, vimeng'enya vinavunja wanga kuwa sukari, na harufu ya mkate inajijenga kwa namna ambayo saa moja ya joto haiwezi. Asubuhi utakuta majimaji ya rangi ya asali chini ya chombo. Usiyamwage wala usihofu. Ni sukari guru imevuta unyevu, na ndiyo itakayokuwa shira.

Asiye na friji naye anaweza, ila hesabu inabadilika. Usiku wa joto wa Dar es Salaam au Mombasa, donge lenye tui na yai halifai kulala mezani. Tui linachacha upesi, na yai bichi lina hatari yake. Tumia maji ya baridi badala ya tui, acha yai, punguza hamira hadi robo kijiko cha chai, na uweke chombo mahali penye hewa, mbali na jiko. Donge likande usiku, lakini madonge yakate na kuyachovya alfajiri. Ladha ya nazi utairudisha mwishoni kwa kasimile.

Kwa wenye friji, toa chombo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Huchukua saa moja au saa moja na robo baridi kutoka na madonge kujaa. Bonyeza moja kwa kidole: shimo likirudi upesi, bado, likirudi polepole na kubakiza kialama, washa oveni nyuzi 180. Oka dakika 30 hadi 35. Juu pakiwahi kukolea, funika kwa karatasi ya aluminiamu uendelee, usiutoe kwa kudanganywa na rangi. Chomeka kijiti kwenye donge lililo karibu na kikombe. Kitoke kikavu, bila unga mbichi.

Kwa makaa, palia kama unavyopalia mkate wa kumimina: machache chini, mengi juu ya mfuniko. Sukari iliyo chini huungua haraka kuliko unga unavyoiva, kwa hiyo moto wa chini uwe wa haya. Mimi hutandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa na kuikalisha ndogo juu yake, na mkate wa namna hiyo, kwa kweli, una harufu ambayo oveni ya umeme haitoi.

Ukiiva, subiri dakika saba, kisha pindua juu ya sinia. Ukichelewa, shira inaganda na kung'ang'ania chombo. Wakati unasubiri, chemsha kasimile nusu kikombe na chembe ya chumvi na iliki, ukikoroga mpaka iwe nzito kidogo. Sukari siitii, iliyomo kwenye mkate inatosha. Mimina juu ya sehemu mtakayoila pale pale tu, kwa maana mkate uliolowa tui haukai hadi jioni. Uliobaki mkavu ufunike kwa kitambaa safi. Saa ya chai ya alasiri upashe kwenye kikaango chenye mfuniko, moto mdogo, bila kuongeza mafuta.