Je, wajua ukibana pumzi kinachokutesa sio kukosa oksijeni?

Jaribu sasa hivi, bana pumzi. Sekunde 20 za mwanzo unajiona shujaa, zikifika 40 kifua kinaanza kugoma, ikikaribia dakika unaachia huku unahema kama umetoka kukimbizwa. Wengi tunajua hapo oksijeni imeisha, kumbe wala! Kama una afya yako nzuri, damu bado ina oksijeni ya kutosha tu, kinachokupigia kelele ni kaboni dayoksaidi uliyoizuia isitoke.

Sasa oksijeni yenyewe ni ya kazi gani? Ndani ya seli kuna viwanda vidogo vinaitwa mitokondria, hivi vinachukua sukari iliyotokana na chakula na kutoa nguvu iliyomo, na kwenye kazi hiyo elektroni (chembe ndogo mno zilizomo kwenye atomi) zinapokezanwa mkono kwa mkono mpaka mwisho wa mstari, na pale mwisho lazima awepo wa kuzipokea. Huyo ndo oksijeni. Anazipokea, anaungana na haidrojeni, yanatoka maji. Asipokuwepo foleni nzima inasimama. Glukosi moja bila oksijeni inakupa ATP 2 tu (ATP ndo nguvu ambayo seli inatumia), ikiwepo oksijeni zinafika kama 30 hivi. Misuli inaweza kuvumilia njaa hiyo kidogo ila ubongo hapana, wenyewe ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote na akiba hauna, dakika chache tu seli zake zinaanza kufa.

Kingine, mapafu hayavuti hewa. Hayana misuli ya kufanya hivyo. Kazi ni ya kiwambo, ule msuli uliokaa kama kuba chini ya mapafu, ukikaza unashuka, mbavu nazo zinapanda, kifua kinatanuka, presha ya ndani inapungua na hewa inaingia yenyewe. Kutoa ndo rahisi kabisa, kiwambo kinalegea na mapafu yananywea kama puto. (Kwikwi nayo ni kiwambo hichohicho kimeshtuka.) Huko ndani hewa inafika kwenye vifuko vidogo mno, viko mamilioni kwa mamilioni, kuta zake nyembamba sana, oksijeni inapenya na kudakwa na himoglobini (protini ya kwenye damu inayobeba oksijeni), kaboni dayoksaidi inapishana nayo ikitoka. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21, unayotoa bado ina kama 16, ndo maana kumpulizia mtu mdomoni kunasaidia.

Turudi kwenye ile kelele ya kifuani, yaani kengele inayokulazimisha upumue. Kaboni dayoksaidi ikizidi, damu inaelekea kwenye asidi, shina la ubongo linahisi haraka sana na kuamuru upumue. Vipo vihisio vya oksijeni pia, viko kwenye mishipa ya shingoni, ila hivyo vinashtuka kwelikweli oksijeni ikiwa imeshashuka sana.

Hapa ndo wapiga mbizi wanapojimaliza. Mtu anahema harakaharaka kabla ya kuzama akidhani anajaza oksijeni, wakati himoglobini yake tayari ilikuwa imebeba oksijeni karibu asilimia 97 au 98 ya uwezo wake, alichofanya ni kufukuza kaboni dayoksaidi, yaani amezima kengele. Akiwa chini oksijeni inaisha kabla hamu ya kupumua haijaja, anazimia humohumo majini bila hata kuhisi shida.

Na mbaya zaidi ni tangi au chumba kilichojaa naitrojeni, oksijeni hakuna. Unaingia, unapumua vizuri tu, kaboni dayoksaidi inatoka kama kawaida, hakuna kinachokubana kifuani, ghafla uko chini. Mwenzako akikuona anakimbilia kukuokoa na yeye anaanguka palepale juu yako. Ndo maana mafundi wa kazi hizo wanapima hewa kwa mashine kwanza kabla mtu hajaingiza hata kichwa.