Eti likizo ya ugonjwa haihusu sonona? Sio kweli jamani

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu ya wasap kila mara, inasema ukipewa ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi) kwa ajili ya sonona au msongo wa mawazo bosi ana haki ya kukukata mshahara wote na hata kukufukuza, eti sheria inatambua magonjwa ya mwili tu. Kwa Tanzania bara hiyo sio kweli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, na hakuna mahali inasema malaria sawa ila sonona hapana. Inachotaka ni cheti cha daktari aliyesajiliwa.

Nadhani watu wanachanganya kwa sababu usipopeleka cheti mwajiri halazimiki kukulipa, na aliye chini ya miezi 6 kazini kwa kawaida bado hana haki ya likizo ya malipo. Pia ugonjwa ukiwa wa muda mrefu sana ajira inaweza kusitishwa, lakini lazima kuwe na sababu halali na utaratibu ufuatwe, usikilizwe kwanza, sio simu ya ghafla ukiwa kitandani.

Sheria ipo mtandaoni, fungua usome mwenyewe. Na ile meseji tafadhali usiforwadi, kuna mtu anaumwa kweli anaisoma anaogopa kwenda hospitali.