Meza bora ya pool: ubora wenyewe uko wapi?

Muuzaji akisema meza yake ya pool ni bora, mara nyingi ataanza kukuonyesha miguu iliyochongwa, mng'ao wa vanishi na rangi ya kitambaa. Hivyo vyote ni vya fanicha. Ubora wa meza ya pool ni kitu kingine kabisa: ni jinsi mpira unavyotii. Ukiugonga polepole, uende ulikoelekezwa bila kukata kona mwishoni. Ukigonga ukingo, urudi kwa pembe uliyoitarajia na bado uwe na nguvu. Na yote hayo yatokee hivyohivyo kwenye kila upande wa meza, mwaka huu na miaka kumi ijayo.

Tatizo ni kwamba karibu kila kinachoamua utii huo kimefichwa. Jiwe, yaani bamba linaloubeba mpira, liko chini ya kitambaa, raba iko ndani ya kingo, na fremu iko chini ya jiwe. Mtu anayenunua kwa macho tu ananunua gamba. Ndiyo maana inafaa kujua kilichomo ndani, hata kama huna mpango wa kuwa bingwa wa mtaa.

Tuanze na jiwe, kwa sababu ndilo linalotenganisha meza na meza.

Meza za awali za biliadi, mchezo uliozaa pool, zilikuwa na uso wa mbao. Mbao hujikunja, huvimba unyevu ukizidi, na hunywea hewa ikikauka. Katika miaka ya 1820 huko Uingereza, mtengenezaji wa meza John Thurston alianza kutumia sleti, na tangu wakati huo hakuna kilichoing'oa kwenye meza za hadhi. Sleti ni mwamba uliotokana na matope yaliyobanwa kwa muda mrefu chini ya ardhi. Hupasuka kwa matabaka, hivyo ni rahisi kupata bamba pana, kisha bamba hilo husagwa kwa mashine mpaka uso wake unyooke. Haijikunji kwa sababu ya unyevu. Ni nzito, hivyo meza haitikisiki mtu akiiegemea.

Kanuni za WPA, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, zinataka sleti isiyopungua inchi 1, yaani sentimita 2.54, na zinaruhusu tofauti ndogo sana ya usawa: takriban nusu milimita kwa urefu wa meza. Kwa nyumbani huhitaji kufuata kanuni za mashindano neno kwa neno. Sleti ya robo tatu ya inchi kwenye meza ndogo inacheza vizuri ikiwa fremu iliyoibeba ni imara. Ikishuka chini ya hapo, jiwe huanza kutegemea fremu kuliko fremu inavyolitegemea jiwe, na siku fremu ikilegea, jiwe nalo hulegea.

Utasikia majina mengi yanayofanana na sleti, yakimaanisha bamba la kutengeneza kiwandani. Mengi ni unga wa mbao uliobanwa kwa gundi (MDF) na kufunikwa na plastiki. Siyo kwamba meza hizo hazifai kabisa. Watoto wanajifunza, au unataka kitu cha kusogeza pembeni ukipata wageni: inatosha. Ila ijulikane kwamba umenunua kitu chenye umri mfupi, kwa sababu MDF ikishaingiwa na maji au kubonyea katikati hairudi. Hakuna fundi wa kuinyoosha. Jiwe likilegea hupangwa upya, na maisha yanaendelea.

Njia ya kujua kilichopo ni kuchungulia. Inama uangalie kwa chini, au ingiza mkono kwenye shimo la pembeni uguse makali ya bamba. Sleti ni ya kijivu, baridi, na ngumu. Uzito nao hausemi uongo: sleti ya unene wa sentimita 2.5 ina karibu kilo 70 kwa kila mita moja ya mraba. Eneo la kuchezea la meza ya futi 9 linazidi mita za mraba 3.2, kwa hiyo jiwe peke yake linapita kilo 220 kabla hujahesabu fremu, miguu na kingo. Ukiambiwa meza kubwa ni ya jiwe halafu watu wawili wakaibeba nzima bila kutoa jasho, jibu umelipata.

Je, jiwe liwe kipande kimoja au vitatu? Watu hubishana sana hapa. Kipande kimoja hakina viungio, ila ni kizito kupita kiasi na kupita nacho mlangoni ni vita. Meza kubwa za nyumbani kwa kawaida huwa na vipande vitatu, ambavyo fundi huviweka sawa kimoja kimoja na kuziba viungio kwa nta. Nikiulizwa, nasema vitatu, mradi fundi anajua kazi. Vitatu vinaweza kusawazishwa hata sakafu ikiwa imeshuka upande mmoja.

Fremu haihitaji maneno mengi. Iwe na mihimili inayopita katikati chini ya jiwe, siyo pembeni tu, na miguu iwe na skrubu za kurekebishia kimo. Sukuma meza kwa nyonga. Ikiyumba ikiwa bado dukani, nyumbani haitatulia.

Kingo ndizo sehemu ambayo wengi huisahau, wakati mipira mingi inayochezwa hugusa ukingo kwa namna moja au nyingine. Kabla ya raba, kingo zilijazwa vitambaa na nywele za farasi, na mpira ulirudi kwa uvivu. Raba ilipoingia katika karne ya 19 ilileta balaa lake: kwenye baridi iligeuka kuwa ngumu. Ufumbuzi ulipatikana kwenye kupika raba kwa salfa, ugunduzi ambao Charles Goodyear aliupatia hataza Marekani mwaka 1844, na hadi leo kingo nzuri ni za raba iliyopikwa hivyo. Raba ya bei ya chini hukauka na kuwa kama kuni. Dalili zake ni mpira kurudi na mlio mkavu na kufa njiani, au ukingo mmoja kurudisha vizuri na mwingine kukataa.

Kipimo chake hakihitaji chombo. Weka mpira mweupe upande mmoja wa meza na uugonge kwa nguvu kwa urefu, bila kugusa mpira mwingine. Kwenye meza nzuri mpira utakwenda na kurudi mpaka utimize urefu wa meza mara nne hivi, au zaidi kidogo. Ukisimama baada ya mara mbili, raba imechoka. Rudia kwa upana, karibu na kila shimo, kwa sababu raba mara nyingi huanza kufa pale gundi ilipoachia.

Kuna jambo moja la kingo linalowapiga chenga hata wenye uzoefu: kimo. Ncha ya raba inatakiwa kuugusa mpira juu kidogo ya kitovu chake, kwenye asilimia 63.5 ya kipenyo chake au karibu na hapo. Mpira wa pool ya Kimarekani una kipenyo cha milimita 57.15, kwa hiyo ncha ya ukingo hukaa milimita 36 hivi juu ya kitambaa. Pool ya Kiingereza hutumia mipira midogo, ya milimita 50.8 hivi, na kingo zake ziko chini zaidi. Ukingo ukiwa chini mno kwa mpira, mpira huruka. Ukiwa juu mno, unaukandamiza mpira kwenye kitambaa na kuunyang'anya mwendo. Hivyo basi usinunue meza ya aina moja na seti ya mipira ya aina nyingine kwa sababu tu ilikuwa na punguzo. Mipira na kingo hununuliwa kwa kipimo kimoja.

Kitambaa nacho kina aina mbili. Kuna chenye vinyweleo, ambacho ukipitisha kiganja upande mmoja kinateleza na upande mwingine kinakwaruza, na kuna kilichofumwa kwa uzi uliosokotwa na kunyooshwa, kisicho na vinyweleo. Cha kwanza ndicho cha snuka na pool ya Kiingereza, na mpira unaokwenda polepole hupinda kidogo kwa sababu yake. Cha pili kina kasi na ni cha pool ya Kimarekani. Chochote utakachochagua, kiwe na sufu nyingi na nailoni kidogo, na kivutwe sawasawa. Kitambaa kilicholegea hufanya mikunjo karibu na mashimo, na mikunjo huchanika. Kitambaa huchakaa, hilo ni la kawaida, kwa hiyo usikatae meza nzuri ya mitumba kwa sababu ya kitambaa kibovu. Kubadilisha kitambaa ni kazi ya kawaida ya fundi. Kubadilisha jiwe ni kununua meza nyingine.

Mashimo yasikusumbue sana. Mifuko ya nyavu au ya ngozi inafanya kazi sawa na njia za ndani zinazokusanya mipira upande mmoja. Njia za ndani zina sehemu nyingi za kuharibika, basi. Cha kuangalia ni upana: mashimo ya kona ya mashindano yana sentimita 11.4 hadi 11.7 mdomoni. Mashimo mapana sana yanafurahisha wiki ya kwanza, kisha kila mtu anajiona bingwa na mchezo unapoteza ladha.

Sasa ukubwa, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Majina ya futi 7, 8 na 9 ni ya kibiashara zaidi kuliko ya tepu. Meza ya futi 9 ina eneo la kuchezea la sentimita 254 kwa 127, kipimo kinachopungua futi 9 halisi. Ya futi 8 ya nyumbani ina sentimita 224 kwa 112, na ya futi 7 huwa na 198 kwa 99 au pungufu kidogo. Urefu ni mara mbili ya upana, sikuzote. Ukikuta meza isiyofuata uwiano huo, iache.

Chumba hupimwa kwa fimbo ya kugongea mpira. Fimbo ya kawaida ina sentimita 147. Kwa kuwa mpira unaweza kukaa umeegemea ukingo wowote, unahitaji urefu wa fimbo kila upande wa eneo la kuchezea. Kwa futi 7 hiyo ni sentimita 492 kwa 393. Kwa futi 8 ni 518 kwa 406, na kwa futi 9 ni 548 kwa 421. Hapo bado hujaongeza kiganja au zaidi cha kurudisha mkono nyuma kabla ya kugonga. Na nguzo, kochi na mlango unaofungukia ndani vyote ni kuta.

Ushauri wangu hapa hauna ukungu: meza ya futi 7 ya jiwe ndani ya chumba kinachoitosha ni bora kuliko ya futi 9 iliyobanwa ukutani. Wenye chumba kidogo hununua fimbo fupi ya kusaidia kwenye kona mbaya, na kwa nguzo moja haina shida. Lakini ikibidi kuishika kila baada ya mipigo miwili, mchezo umegeuka adha. Uliza pia sakafu itabeba uzito gani ikiwa chumba kiko ghorofani, maana uzito wote unateremka kwenye miguu minne au sita tu.

Meza ikishafika, nusu ya ubora iko mikononi mwa anayeifunga. Jiwe zuri lililowekwa vibaya linacheza vibaya kuliko MDF mpya. Fundi mzuri husawazisha fremu kwanza, kisha jiwe, kwa pimamaji sahihi inayosomwa katikati, kwenye kona zote na kwenye viungio, na ndipo avute kitambaa. Akianza na kitambaa, msimamishe. Baada ya kufunga, sukuma mpira taratibu sana kwa urefu, kwa upana na kwa kukatiza pembe kwa pembe. Mpira wa kasi huficha makosa. Ule unaokaribia kusimama ndio unaoyaonyesha, na ukikengeuka upande uleule kila mara, bado kuna kazi.

Kwa meza ya mitumba, omba kuicheza ikiwa bado imefungwa, kabla ya kulipa. Meza iliyokwisha kufunguliwa na kulazwa ukutani haiwezi kukuambia lolote kuhusu kingo zake. Mkikubaliana, vipande vya jiwe viwekewe alama kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa vilisagwa pamoja na hurudi kwa mpangilio uleule. Visafirishwe vikiwa vimesimama kwa ubavu. Kisha mwite fundi tena baada ya wiki chache kuangalia usawa, kwa sababu miguu huzama kidogo kwenye zulia au sakafu, na marekebisho ya wakati huo ni ya kuzungusha skrubu tu.