Chemsha bongo ya jiografia ya Ulaya: maana yake, na kwa nini swali moja huwa na majibu mawili

Katika mchezo wa vitendawili, walioshindwa hutoa mji. "Nipeni mji," anadai mtegaji, na wenzake wanampa Tanga, Mombasa, Tabora. Akishaupokea husimulia jinsi alivyokwenda huko, akakaribishwa, akala, akalala, kisha ndipo afichue jibu. Utotoni mwetu ilitokea mtu akachoka na Tanga na Tabora, akatoa Paris au Roma. Hapo mtegaji aliyekuwa fundi wa maneno alikuwa bubu ghafla. Angesimulia nini, naye hakujua hata ni mto gani unaopita katikati ya mji aliopewa?

Chemsha bongo ni swali fupi linalotaka jibu fupi. Huulizwa redioni, darasani, barazani au kwenye simu, kupima anachokijua mtu na kumburudisha papo hapo. Ina undugu na kitendawili, ila haiwi kitu kimoja nacho. Jibu la kitendawili limo katika makubaliano: "nyumba yangu haina mlango" ni yai kwa kuwa wasemaji wote wamekubaliana ni yai. Jibu la chemsha bongo linatarajiwa kuwa huko nje, mahali unapoweza kulikagua, iwe kwenye ramani, kwenye katiba ya nchi au kwenye kipimo cha mlima. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba maswali ya jiografia ya Ulaya yamejaa majibu ambayo nayo ni makubaliano ya watu, na kuyajua makubaliano hayo ni sehemu kubwa ya kulijua bara lenyewe.

Chukua swali hili: mlima mrefu kuliko yote Ulaya ni upi? Mmoja atasema Mont Blanc, uliopo mpakani mwa Ufaransa na Italia, wenye mita 4,800 na ushei. Mwingine atasema Elbrus, Urusi, mita 5,642. Wote wawili wamesoma. Wanachotofautiana ni mahali Ulaya inapoishia, na mahali hapo hapana bahari ya kukata shauri. Wagiriki wa kale waliuchukulia mto Don kuwa ndio mwisho wa Ulaya. Karne ya 18, Mrusi Vasily Tatishchev na Philip Johan von Strahlenberg, ofisa wa jeshi la Uswidi aliyekaa miaka mingi Siberia akiwa mateka wa vita, waliusogeza mpaka hadi milima ya Ural, na huko ndiko ulikobaki. Upande wa kusini mabishano hayajaisha. Wapo wanaoupitisha mpaka kwenye bonde la Kuma-Manych, kaskazini ya milima ya Caucasus, na kwa hesabu hiyo Elbrus unabaki Asia. Wapo wanaoupitisha juu ya mgongo wa milima ya Caucasus, na kwa kuwa Elbrus umesimama kaskazini kidogo ya mgongo huo, unaingia Ulaya. Wapanda milima wanaokusanya vilele vya mabara yote wengi wao hufuata hesabu ya pili, ndiyo maana utaukuta Elbrus umeorodheshwa pamoja na Kilimanjaro yetu, ambayo inaupita kwa mita 253.

Kwa hiyo mtunzi wa swali hili akikupa sifuri kwa kumtajia Mont Blanc bila kueleza mpaka anaoutumia, amekuonea.

Swali la "Ulaya ina nchi ngapi?" ndilo linalozua kelele kuliko yote, na ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu kila jibu linafungua mlango wake. Umoja wa Ulaya una wanachama 27 tangu Uingereza ilipojitoa mwaka 2020. Baraza la Ulaya, ambalo ni chombo kingine kabisa na ndilo lenye Mahakama ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, lina 46 tangu Urusi ilipoondolewa mwaka 2022. Shirikisho la soka, UEFA, lina 55.

Hiyo 55 ndiyo ramani ya Ulaya ambayo vijana wetu wengi wanaijua kwa moyo, maana wameifunza kwa Ligi ya Mabingwa. Ni ramani nzuri lakini ina mitego. Israeli imo. Kazakhstan imo tangu 2002, ilipohama kutoka shirikisho la Asia, na mwaka 2015 klabu ya Astana ikacheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, katika mji ulio mbali sana mashariki ya milima ya Ural. Ni kipande kidogo tu cha Kazakhstan, magharibi ya mto Ural, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa Ulaya. Halafu Uingereza moja ina timu nne za taifa, na visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, vina timu yao. Monaco, ambayo ni nchi huru kamili, haina timu katika UEFA. Klabu inayobeba jina lake hucheza ligi ya Ufaransa. Swansea na Cardiff ni miji ya Wales, lakini klabu zake hizo kubwa ziko kwenye ligi za England. Mtu aliyejifunza Ulaya kwa mpira anajua mengi, ila akiulizwa mipaka ya nchi inabidi avue jezi kwanza.

Ipo pia ramani ya viza, na hii haina mchezo kwa anayesafiri. Uswisi, Norway na Iceland haziko katika Umoja wa Ulaya, lakini ziko katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi zinazotumia viza moja. Ireland ni kinyume chake: mwanachama wa Umoja, ila nje ya Schengen. Aliyepewa viza ya Schengen kwenda Brussels asidhani viza hiyo itamfikisha Dublin.

Sasa majina. Hapa Mswahili ana mitego yake mwenyewe, ambayo mtunzi wa maswali kutoka kwingine hawezi hata kuiwazia. Uswisi na Uswidi zinatofautiana kwa herufi moja. Uswisi ni ile ya milima ya Alps, isiyo na bahari, serikali yake ikiwa Bern. Uswidi iko kaskazini, ina pwani ndefu kwenye Bahari ya Baltiki, na mji wake mkuu ni Stockholm. Nimeshasikia msomaji wa habari akiipeleka serikali ya Stockholm milimani, wala simlaumu sana, kwani ulimi huteleza.

Kubwa zaidi ni Uingereza. Neno hili tunalitumia kwa mambo mawili: England peke yake, na ule ufalme wote wa England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Uliza basi: Uingereza inapakana kwa nchi kavu na nchi ngapi? Ukimaanisha ufalme wote, jibu ni moja, Jamhuri ya Ireland. Ukimaanisha England, jibu ni Scotland na Wales, na Ireland haimo kabisa. Swali moja, neno moja, majibu mawili yasiyokutana. Anayetunga maswali kwa Kiswahili ana wajibu wa kusema ni Uingereza ipi.

Uholanzi nayo tumeiita kwa jina la Holland, ambalo kwa wenyewe ni sehemu tu ya nchi, mikoa miwili kati ya kumi na miwili. Mji mkuu wake kwa katiba ni Amsterdam, lakini serikali na bunge viko The Hague. Na "Ulaya" lenyewe ni neno lililotoka Kiarabu, wilaya, yaani eneo lililo chini ya mtawala. Kwa hiyo Ulaya na Wilaya ya Temeke zina babu mmoja wa lugha. Waganda nao husema Bulaya. Jina hilo limesambaa hata jikoni: viazi mviringo tukaviita viazi ulaya, ingawa asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini.

Baada ya mpaka na jina huja tarehe. Jibu la jiografia ya Ulaya huchacha. Chekoslovakia iligawanyika Januari 1, 1993, ikawa nchi mbili. Montenegro ilijitenga na Serbia mwaka 2006. Kosovo ilitangaza uhuru mwaka 2008, na hadi leo zipo nchi zinazoitambua na zisizoitambua, Hispania ikiwa miongoni mwa zisizoitambua. Macedonia ikawa Macedonia Kaskazini mwaka 2019, baada ya kumaliza mgogoro wa jina na Ugiriki. Shule nyingi bado zinatumia atlasi za zamani, na mtoto anayejibu kwa atlasi hiyo anajibu sawasawa swali la miaka ya 1980.

Yapo maswali ambayo mtego wake ni macho tu. Ncha ya kusini kabisa ya bara la Ulaya ni ipi? Wengi hukimbilia Gibraltar kwa sababu ya umaarufu wake. Siyo. Ni Tarifa, nchini Hispania, mahali ambapo Afrika iko umbali wa kilomita 14 hivi, na siku ya anga safi unaiona Morocco kwa macho. Na kaskazini? Watalii hupelekwa Nordkapp, iliyo kisiwani huko Norway, wakapiga picha, lakini kwenye kisiwa hichohicho kuna rasi jirani, Knivskjellodden, inayoingia baharini mbele zaidi kwa zaidi ya kilomita moja, na ncha ya bara lenyewe ni Kinnarodden, Norway hukohuko. Au hili: Ufaransa inapakana na nchi gani kwa mpaka mrefu kuliko yote? Ni Brazil, kupitia Guiana ya Ufaransa iliyoko Amerika ya Kusini, kilomita 700 na zaidi. Hispania nayo inapakana na Morocco kwa nchi kavu, kwenye miji ya Ceuta na Melilla, hivyo Umoja wa Ulaya una mpaka wa ardhini na Afrika.

Kwa ukubwa, pima kwa kipimo ulicho nacho nyumbani. Ukiiacha Urusi, ambayo imekanyaga mabara mawili, nchi kubwa kuliko zote iliyo Ulaya tupu ni Ukraine, kilomita za mraba 603,000 hivi. Tanzania ina 945,000. Ujerumani, Italia na Uingereza yote zikiwekwa ndani yake zinaenea, na nafasi inabaki. Ramani za ukutani tulizokulia huikuza kaskazini ya dunia, na wengi wetu tulimaliza shule bila kulijua hili.

Namna ya kujipima, kwa maoni yangu, isiwe kukariri orodha ya miji mikuu. Orodha hutoka kichwani wiki ya pili. Shika kitu kimoja kinachopita katikati ya vingine ukifuate. Mimi huwapa watu mto Danube. Unaanzia Msitu Mweusi, Ujerumani, ukaenda mashariki kwa kilomita 2,850 hivi. Unapita Vienna ya Austria. Mwendo usiofika kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, unakuta Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Ni miji mikuu miwili iliyokaribiana kuliko umbali wa Dar es Salaam na Bagamoyo. Unaingia Hungary na kuugawa Budapest, ng'ambo moja Buda na ng'ambo ya pili Pest. Unakata kona kwenda kusini, unaigusa Croatia, unafika Belgrade ya Serbia. Hakuna mto mwingine duniani unaopita miji mikuu minne. Kisha unakuwa mpaka: Romania kushoto, Serbia halafu Bulgaria kulia. Mwisho wake uko kwenye delta ya Romania na Ukraine, unapomwagika Bahari Nyeusi.

Hesabu sasa nchi ulizozipitia. Utapata tisa, na mto unagusa kumi. Iliyobaki ni Moldova, ambayo sehemu yake ya ukingo wa Danube haifiki hata kilomita moja. Kwenye kipande hicho wamejenga bandari, na meli za baharini huifikia kwa kuupanda mto. Mahali hapo panaitwa Giurgiulești. Siku mtegaji akikudai mji, mpe huo, umsikie atakavyousimulia.