Mshahara wa Mratibu Unatoka Fungu Gani? Gharama za Utawala kwenye Ruzuku za Marekani za Kufundisha Watafiti

Swali hili hufika kwenye ofisi yetu ya ruzuku kila Mtafiti Mkuu anapopata ruzuku ya mafunzo kwa mara ya kwanza: mshahara wa mratibu, wino wa printa, vocha za simu na karani wa kupanga safari, je, fedha za Serikali ya Marekani zinaweza kulipia? Baadhi zinaweza. Nyingine haziwezi hata kama kazi isingefanyika bila hizo, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yaani NIH, hutoa ruzuku za kufundisha watafiti za aina kadhaa. Kule kwao inayojulikana zaidi ni T32, yenye mizizi kwenye sheria ya mwaka 1974 iliyoanzisha tuzo za kitaifa za mafunzo ya utafiti. Huku kwetu tumeizoea zaidi D43 ya Kituo cha Fogarty, kitengo cha NIH cha ushirikiano wa kimataifa, ambayo imewasomesha shahada za uzamili na uzamivu vijana wengi wa Muhimbili, Nairobi na Makerere.

Ruzuku yoyote ya aina hii ina gharama za moja kwa moja, yaani posho, ada, safari na mahitaji ya mafunzo, na ina gharama zisizo za moja kwa moja: umeme, ulinzi, uhasibu, ofisi ya manunuzi, hata sisi tunaokagua bajeti yako. Kwenye ruzuku za kawaida za utafiti, chuo kikubwa cha Marekani hukubaliana na serikali yake kiwango cha kulipwa gharama zisizo za moja kwa moja, ambacho mara nyingi huvuka asilimia 50 ya zile za moja kwa moja. Kwenye ruzuku za mafunzo hakuna majadiliano. Ni asilimia 8 tu.

Hiyo 8 nayo haipigwi kwenye jumla yote. Chukulia bajeti ya mwaka ya dola 250,000: posho 120,000, ada 60,000, vifaa vikubwa 10,000, safari na mahitaji ya mafunzo 60,000. Unaondoa ada, unaondoa vifaa, inabaki 180,000. Asilimia 8 yake ni dola 14,400. Kama una chuo mshirika unayempelekea fedha, sehemu ya mkataba wake inayozidi kikomo nayo hutoka kwenye hesabu. Kikomo hicho kilikuwa dola 25,000 kwa miaka mingi, na mwongozo mkuu wa serikali ukakipandisha hadi 50,000 kuanzia Oktoba 2024, kwa hiyo soma masharti ya ruzuku yako kabla ya kupiga hesabu.

Dola 14,400 hazitoshi kumlipa mhasibu, afisa manunuzi na karani kwa mwaka mzima. Chuo kinabeba kinachobaki, na ndiyo sababu kila mtu hutamani kuisogeza gharama ya utawala upande wa moja kwa moja.

Wamarekani walishaona tamaa hiyo kwao wenyewe. Mwaka 1991 Mbunge John Dingell aliongoza vikao vya Bunge lao vilivyohoji gharama ambazo Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa kimeziingiza kwenye hesabu za utafiti, ikiwemo uchakavu wa boti ya starehe. Mwaka huohuo serikali ikaweka ukomo wa asilimia 26 kwenye sehemu ya utawala ya kiwango cha vyuo. Mwaka 1993 ikaongeza kanuni nyingine: mishahara ya makarani na watumishi wa utawala kwa kawaida isitozwe kwenye ruzuku moja moja. Neno la kuzingatia ni “kwa kawaida”. Kanuni za wakati huo zilitaja kazi ambazo karani angeweza kulipwa moja kwa moja, mojawapo ikiwa mradi unaopanga safari na mikutano ya watu wengi. Mtu aliyewahi kusimamia D43 anajitambua humo.

Mwongozo wa sasa unakuruhusu pale kazi hiyo inapokuwa sehemu halisi ya mradi, mtu anayeifanya anapotambulika kwa mradi huo, na gharama hiyohiyo isipolipwa tena kupitia ile asilimia ya gharama zisizo za moja kwa moja. Kwa T32, NIH yenyewe inataja mishahara ya watumishi kati ya matumizi ya fungu la mahitaji ya mafunzo. Kwa hiyo mratibu anayetangaza nafasi, kukusanya maombi, kushughulikia viza na kuandaa taarifa ya maendeleo ya wanafunzi analipika. Karani wa idara anayepokea barua za watu wote halipiki, hata kama barua zako ndizo nyingi kuliko za wengine.

Mratibu akihudumia ruzuku mbili, kila moja inalipa kwa kadiri ya kazi aliyoifanyia, na jedwali la muda wake lionyeshe hivyo. Jedwali linaloonyesha nusu kwa nusu kila mwezi, hata mwezi ambao ruzuku moja ilikuwa na usaili na nyingine imelala, ndilo la kwanza mkaguzi kulivuta pembeni. Uthabiti nao unaangaliwa: kama wino wa idara nzima unalipwa na chuo, huwezi kuutoza kwenye ruzuku yako mwezi ambao bajeti ya idara imeisha. Binafsi naona hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na halina hata chembe ya wizi ndani yake. Ni mtu tu aliyeona fungu lina salio.

Posho na ada, hata hivyo, usiziguse. Kwa T32 fedha za mafungu hayo haziendi kwenye matumizi mengine bila idhini ya NIH, na hutolewa kwa nadra. Mwanafunzi akiacha katikati ya mwaka, posho yake haigeuki mshahara wa karani.

Februari 2025 NIH ilitangaza kushusha gharama zisizo za moja kwa moja hadi asilimia 15 kwa wote, na mahakama ya shirikisho huko Massachusetts ikazuia hatua hiyo. Tulipigiwa simu nyingi na watu wa ruzuku za mafunzo wakiuliza watapoteza kiasi gani. Wao walikuwa kwenye 8 tangu mwanzo.

Ukigundua gharama imeingia fungu lisilo lake, NIH inataka irekebishwe ndani ya siku 90 tangu kosa lionekane, pamoja na maelezo ya kwa nini iliingia huko. “Kurekebisha makosa ya uhasibu” si maelezo. Andika nani alinunua, kwa kazi ipi, na nani aligundua, kisha uilete ofisini ikiwa na sahihi ya Mtafiti Mkuu.