Mbu wa Ahero Hayumo Kwenye Kitabu cha London

Juzi tena. Dada wa wiki 19, mimba ya kwanza, ameketi mbele yangu kliniki hapa Kisumu na kitabu kinene cha ujauzito mapajani, kimejaa vikaratasi vya manjano. Namwekea mkononi tembe 3 za SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, na kikombe cha maji. Badala ya kumeza, anafungua kitabu. "Sista, hizi hazimo humu. Wanasema mjamzito asimeze dawa ovyo. Na mimi sina malaria."

Nikamwomba kitabu, nikaenda faharasa ya nyuma. Malaria imetajwa mara moja tu, kwenye sura ya safari: mjamzito anashauriwa asizuru nchi zenye malaria. Kitabu kilichapwa London. Msomaji wake anaishi Ahero, ukuta kwa ukuta na mashamba ya mpunga. Asizuru wapi, kwao?

Katika ukunga wangu sijaona dhana inayonichosha kama hii: kwamba kitabu kikiwa cha bei na cha ng'ambo, basi kinajua kuliko kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto tunachowapa kliniki. Kijitabu kinatiwa mkobani, kinakunjika, kinamwagikiwa chai. Kumbe ndicho chenye nafasi ya kuandika dozi zako za SP, neti yako, sindano ya pepopunda na presha yako.

Sasa hilo la "sina malaria". Sisi tuliokulia kando ya ziwa tumeumwa na mbu tangu utotoni, na miili yetu imejenga kinga kiasi. Kwa hiyo mjamzito anaweza kuwa na vimelea bila homa wala kutetemeka. Vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma, na vinavyonata hapo ni vya namna ambayo mwili haujawahi kupambana nayo, kwa sababu kondo lenyewe halikuwepo. Mimba zinazofuata, mwili huwa umeshajifunza. Ndiyo maana mwenye mimba ya kwanza, yule yule anayenunua vitabu, ndiye aliye hatarini zaidi: damu inampungukia, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. SP huanza wiki ya 13, kisha kila dozi ikae angalau mwezi mmoja baada ya nyingine hadi kujifungua, zisipungue 3. Anayetumia Septrini, ile dawa ya kuzuia maambukizi, kila siku hapewi SP. Na kwa kuwa mpango huu ni wa maeneo ya Ziwa na Pwani, usishangae dada yako aliye Nyeri akikuambia hajawahi kuziona.

Kuna na la foliki, ile vitamini ya wajawazito. Kitabu kinasema foliki ni muhimu, na ni kweli. Basi mtu anaingia duka la dawa, ananunua tembe za miligramu 5 akidhani wingi ndio ubora. Kiwango hicho kinaipunguzia SP nguvu. Tembe ya kliniki, iliyochanganywa na madini ya chuma, ina miligramu 0.4, na inatosha, isipokuwa kama daktari amekuandikia nyingine kwa sababu anayoijua.

Kwa hiyo kabla hujalipa, fungua faharasa, tafuta malaria. Ukiikuta kwenye safari pekee, jua umeshika kitabu cha watu wengine. Kinunue ukipenda, sura za uchungu wa uzazi na kunyonyesha mara nyingi ni nzuri sana, lakini usinibishie nacho.

Na haya mengine ninayoambiwa kliniki. "Kitabu hakiozi." Kinaoza. Vile vya mitumba vinavyopangwa kando ya barabara, tazama mwaka kwanza. Kabla ya 2001, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiruhusu vyakula vingine kuanzia miezi 4 hadi 6. Tangu hapo ni maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6. Vya zamani zaidi vinakuambia umlaze mtoto kifudifudi. Alazwe chali.

"Kimekataza samaki, nimeacha omena." Walisema papa na samaki wengine wakubwa wa baharini, kwa ajili ya zebaki. Omena ni dagaa wa ziwani; kula, na mifupa yake yote. Cha kuacha ni odowa, yale mawe ya udongo unayotafuna kutoka sokoni, ambayo kitabu chako wala hakiijui.

"Nasoma kwanza, kliniki nitaanza mimba ikifika mwezi wa sita." Hapana. Tangu 2016 shauri la Shirika la Afya Duniani ni kumwona mhudumu mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Presha hupanda kimya, na hakuna ukurasa unaoipima.

"Kitabu ni cha mama." Hili nalo! Baba aanze na ukurasa wa dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, mtoto kupunguza kucheza. Likitokea saa nane usiku, si mama atakayekuwa akipekua faharasa. Ukurasa huo ukunjwe pembe, na pembeni iandikwe kwa kalamu ya wino nambari ya mtu mwenye gari anayepokea simu usiku.